Bibi Alipojifunza Kuanguka

Harufu ya maganda makavu ya mahindi yaliyolala kwenye ukungu ndiyo inayonirudisha Kichiwa, kijijini kwa bibi, hata leo. Ilikuwa likizo ya Juni, miaka ile ya ruksa, mitumba ilipomwagika Makambako na kila mwenye mabanzi manne ya mbao akajenga kibanda cha biashara. Baba yangu alifungua duka la mabati na misumari, akanunua pikapu, akaota kitambi ambacho watu wa mtaa wetu wa Mahongole walikisalimia kabla ya kumsalimia mwenyewe. Mimi nilikuwa darasa la nne. Nilipelekwa kwa bibi huyo, mama yake baba, kwa kazi moja tu: kumpeleleza. Baba alinipa daftari na kalamu, akasema, "Akianguka, andika, mpe dereva wa basi aniletee. Akianguka tena hata mara moja, namleta huku mjini, na hakuna mjadala."

Maana bibi alikuwa ameshaanguka wakati wa mvua. Aliteleza kwenye njia ya mtoni. Udongo ule mwekundu ukilowa hauna adabu kwa mtu mzima. Hakuvunjika hata ukucha, ila alilala pale asubuhi nzima akitazama mawingu, mpaka mpita njia akamwinua. Tangu siku hiyo hofu ikamwingia. Akawa anatembea akipapasa ukuta, shamba lake la maharage halifikii tena, kanisani haendi, na miguu nayo kwa kukosa kazi ikazidi kulegea. Lakini mjini hakutaka kabisa. "Huko nitawekwa kwenye kiti," aliniambia, "niwe nageuzwa jua likigeuka mpaka siku ya kuzikwa. Mimi nataka kufa nina udongo kwenye kucha." Nilimhurumia mno, nikalichukia lile daftari.

Siku ya tatu aliniita nyuma ya nyumba, kwenye lundo la maganda ya mahindi. "Hebu niambie," akasema, "mtoto anayejifunza kutembea anaanguka mara ngapi kwa siku? Na nani anampeleka Makambako?" Kuanguka, alinieleza, hakukumuuma, kilichomuuma ni kushindwa kuinuka. Basi akakaza kitenge kiunoni, akakunja magoti, akajiachia kwa ubavu, pwaa! Nilipiga yowe kuku wakatawanyika. Yeye alikuwa anacheka. Akageuka kifudifudi, akajitegemeza kwa mikono na magoti, akapandisha mguu mmoja, akabaki hapohapo akihema na kuulaani uzee kwa Kibena, lugha ambayo kwa shughuli hiyo imejaaliwa. Siku hiyo ilibidi nimvute. Kesho yake alitumia fimbo. Baada ya siku chache hakushika kitu. Mzee wa kanisa alipita akamkuta anajirusha, akavua kofia na kuanza kusali. Bibi akamwambia kutoka kulekule chini, "Ombea magoti yako, mzee wangu. Haya yangu nayafanyia kazi."

Sasa mimi, mtoto mwaminifu kupita kiasi, nikakaa na kalamu yangu na kuandika ukweli mtupu: "Shikamoo Baba. Bibi hajambo. Juzi ameanguka mara nne. Jana mara saba. Leo bado, anamalizia uji kwanza." Nikampa dereva. Looh! Kesho yake kabla ya saa nne pikapu iliingia uwanjani kwa mwendo wa msiba, nyuma imebeba godoro jipya la kumlazia mgonjwa. Baba hata shikamoo hakuikumbuka. Alimkuta mgonjwa wake anapepeta maharage, akamnyang'anya ungo, akasema, "Mama, panda gari."

Bibi hakubishana. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, kisha akageuka, akapiga magoti, akainuka polepole bila kushika chochote, akakung'uta kitenge. "Haya, zamu yako," akamwambia. "Ukiinuka kama mimi, napanda." Baba alicheka kwa dharau, akaketi chini na suruali yake iliyopigwa pasi. Kushuka alishuka vizuri sana. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Alijaribu kwa mbele, kitambi kikamrudisha. Akajaribu kwa ubavu, mkanda ukalia. Akanyoosha mkono kulishika tairi la pikapu, bibi akaupiga kwa fimbo. Majirani walishajaa, na wenye adabu kati yao walikuwa wanacheka wakitazama mlima. "Nyani haoni kundule," bibi alisema, bila hasira. Baba alitoka jasho kwenye baridi ile ya Juni mpaka akaita kwa sauti ya mtoto, "Mama, basi."

"Basi nini?"

"Basi, baki."

Ndipo bibi akampa mkono. Godoro alilibakiza la kuangukia, akasema maganda yanawasha.

Bibi aliishi Kichiwa miaka mingi baada ya hapo. Alianguka kweli mara mbili tatu, akainuka, akaendelea na maharage yake. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka. Yeye angewaongezea kwamba hata kuanguka nako si kitu. Siku hizi Mahongole nyumba zetu zina vigae vinavyoteleza kuliko njia ya mtoni, na wazee wetu tunawakalisha kwenye viti kwa sababu tunawapenda. Baba ameufikia umri ule. Kitambi kimeondoka, hofu imechukua nafasi yake. Anashinda barazani kwenye kiti cha plastiki, na jua likigeuka, mimi ndiye ninayemgeuza. Jambo hilo liliniuma siku nilipolitambua, nikakumbuka ubishi wa bibi, nikaona aibu. Jumamosi iliyopita nilitandika godoro sebuleni. Baba alilitazama, akanitazama mimi, akakishika kiti kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nitaanguka."

"Ndiyo, Baba. Anza na ubavu."

Midomo ilimcheza, sikujua kama ni kilio au kicheko.

"Usiandike popote," akaniambia, kisha akakiachia kiti.