Nipeli Iliyogoma kwa Fundi Kahigi

Kuanzia Kanoni mpaka Bugomora, paipu ya haidroli ikipasuka, trekta linaletwa kwa Kahigi. Mafundi wengine wapo, sikatai, lakini wale hufunga kila kitu kwa nyundo. Kahigi alikuwa akiipokea nipeli, kile kichuma chenye meno kinachounga paipu na jeki ya trela, anaikagua kama mtu anayechagua mchumba, kisha anatamka: "Ya inchi hii." Au: "Milimita." Hakosei.

Sasa tangu masika macho yake yaliingia ukungu. Hakumwambia mtu. Akaanza kuzitambua nipeli kwa spana: namba ishirini na mbili ikikaa vizuri kwenye kichwa cha nipeli, basi ndiyo yenyewe. Ujanja wa kijinga huo, na huku kwetu tunao wengi. Vichwa vinaweza kulingana na meno yasilingane, kama kofia ya mume inavyomtosha shemeji.

Asubuhi moja akaingia Habumugisha, dereva wa Bugomora, na trela tupu. Mawe ya msingi yalikuwa yanamsubiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeua nini leo?"

"Nipeli ya jeki. Imepasuka."

Kahigi akaifungua ile mbovu, akaijaribu kwa spana, akachagua mpya kwenye kopo, akaanza kuifunga. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Wa tatu ikagoma. Akachukua spana ndefu.

Mkewe, Kokuhirwa, alikuwa mlangoni anasuka kikapu. "Baba Edgar, hiyo imekataa."

"Kutu tu."

"Kutu kwenye kitu kipya?"

Habumugisha akacheka. "Mzee, au nilipeleke kwa mafundi wa Kayanga?"

Kahigi akabaki ameshika spana. Akiilazimisha nipeli, leo itashika. Siku trela limeinuka na mawe na dereva yuko chini yake anachungulia, itachomoka. Lakini akisema hii haifai, ataulizwa kwa nini aliichagua. Na nani atamletea trekta fundi asiyeona?

Akairudisha spana mezani.

"Mwanangu, meno yake siyaoni. Tangu masika siyaoni."

Habumugisha akaacha kucheka. Kokuhirwa hakushtuka hata kidogo. Ni yeye aliyekuwa akimwekea kikombe cha chai palepale kila asubuhi, ili mkono wake usipapase. Akaweka kikapu chini, akachukua nipeli zote mbili, akazilaza meno kwa meno kuelekea mwanga, vilevile anavyolinganisha safu za ukili.

"Hazilaliani. Mwanga unapita." Akahesabu meno kwa ncha ya sindano yake ya kusukia. "Hii ya zamani ina tisa. Mpya, kwa urefu uleule, nane."

"Tisa ni inchi!" Kahigi alidakia kabla hajamaliza. "Kopo la kushoto, mama. Unene huohuo."

Kokuhirwa akaileta. Safari hii Kahigi aliifunga kwa vidole, ikazama mpaka mwisho bila ugomvi, akamalizia na spana. Trela likainuka. Kokuhirwa akashikilia kipande cha boksi karibu na maungio, aone kama mafuta yatalilowesha.

"Kavu," akasema.

Habumugisha akapanda kwenye kiti cha trekta. "Wiki ijayo nina trela jingine, mzee. Nalileta hapahapa."

"Lete asubuhi, mwanga ukiwa mlangoni," Kokuhirwa akamjibu. "Ila si Jumatatu. Jumatatu nampeleka huyu kupima macho."

Kahigi akakisogeza kigoda cha mkewe karibu na meza ya kazi.