Kocha wa Netiboli na Alama Thelathini za Hisabati

Shani alipokuja kuomba kazi ya kuosha vyombo, Fabiola alikuwa anageuza chapati, na kidogo aiunguze.

Alimfahamu vizuri. Miaka miwili kabla, Shani alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya shule ya sekondari kule Nakwa, timu aliyoifundisha Fabiola mwenyewe bila mshahara, kila siku saa kumi jioni. Msichana mrefu, mikono mirefu, mpira ukimfikia ndani ya nusu duara mnaanza kuhesabu goli kabla hajarusha. Kombe lililokuwa ofisini kwa mkuu wa shule lilikuja kwa mikono ya Shani. Sasa alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha chai cha Fabiola karibu na stendi ya Babati, kanga kiunoni, macho chini.

"Shikamoo, Mama Eliakunda."

"Marahaba, mwanangu. Matokeo yako yalikuwaje? Hukuniambia."

"Nilipata sifuri," alisema Shani. "Nikaona aibu kuja."

Fabiola alimpa kazi siku ile ile. Lakini kutwa nzima hakuwa na raha. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akimwombea Shani ruhusa atoke darasani mapema, eti wakafanye mazoezi kabla ya mashindano ya mkoa. Somo lililokuwa likipotea mara nyingi ni Hisabati, kwa kuwa lilikuwa la mwisho mchana. Walimu walikubali, shule ilitaka kombe. Kombe lilipatikana, na mtoto akatoka mikono mitupu.

Jioni alimweleza mumewe, Wilbroad, aliyekuwa ametoka shambani Mutuka na alizeti zake. Wilbroad alikuwa mtu wa maneno machache. Alinawa, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi acha kuwatoa darasani," alisema.

"Haitoshi."

"Kwa hiyo?"

Kesho yake Fabiola alikwenda shuleni kabla ya mazoezi akamtafuta Mwalimu Venance, aliyekuwa mwalimu wa taaluma na ndiye aliyefundisha Hisabati. Alimwomba orodha ya alama za jaribio la kila mwezi. Kisha akawakusanya wasichana uwanjani, wote kumi na wanne, akawaambia jambo ambalo hakuna kocha aliyewahi kuwaambia.

"Kuanzia mwezi huu, atakayepata chini ya thelathini Hisabati hachezi. Mazoezi atafanya, lakini siku ya mechi atakaa benchi. Hata awe nani."

Walicheka wakidhani anatania. Mwezi ulipokwisha waliacha kucheka. Amira, nahodha, mtoto wa Mzee Muzamil mwenye duka la vitambaa, alikuwa kidato cha tatu na alikuwa amepata ishirini na mbili. Alikuwa kiungo wa kati, timu ilizunguka kwake. Fabiola alimkalisha benchi, na timu ikafungwa na shule ambayo haikuwahi kuwafunga.

Baada ya mechi Amira alikuja na macho mekundu. Hakuwa mtoto mkorofi, lakini siku ile alikuwa ameumia.

"Mama Eliakunda, naomba kuuliza swali. Wewe ulipata ngapi?"

"Ngapi ya nini?"

"Hisabati. Kidato cha nne."

Mmoja wa wenzake alimvuta Amira mkono. Fabiola angeweza kumkaripia, na pengine ingeishia hapo. Lakini aliona kwamba swali lilikuwa la haki.

"Sikufika kidato cha nne," alisema. "Niliishia cha pili. Nilipata mimba ya dada yenu Eliakunda, nikafukuzwa shule. Wakati ule ukitoka ilikuwa basi, hakuna kurudi. Kwa hiyo sina alama yoyote. Sina hata cheti."

Hakuwa amewahi kuyasema maneno hayo mbele ya watu. Watu wengi Nakwa walidhani Fabiola amesoma, kwa jinsi alivyojua sheria za mchezo na kuandika barua za maombi ya mipira. Hata Mwalimu Venance, aliyekuwa amesimama pembeni na filimbi yake, hakuwa anajua.

Amira aliinama. "Samahani, mama."

"Usiniombe samahani. Umeuliza, nimejibu. Nendeni mkaoge."

Siku tatu baadaye Mwalimu Venance alipita kibandani asubuhi, akaagiza chai ya maziwa na chapati mbili. Alipomaliza hakuondoka.

"Mama Eliakunda, unajua kituo cha elimu ya watu wazima kipo hapa hapa mjini? Wanasoma mchana, saa nane mpaka saa tisa na robo. Ukitoka pale unawahi mazoezi."

"Mwalimu, nina miaka thelathini na saba."

"Wapo wenye hamsini." Akamweleza utaratibu, akihesabu kwa vidole juu ya meza. Kwa kuwa aliacha kabla ya mtihani wa kidato cha pili, angeanza na Mtihani wa Maarifa. Akifaulu huo, mwaka unaofuata angejiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani wa kidato cha nne: Kiswahili, Kiingereza, Uraia, Historia, Jiografia, Baiolojia na Hisabati. Masomo saba, miaka miwili. "Na yale mafunzo ya ukocha yanayotangazwa mkoani kila mwaka, unayoyasoma kwenye tangazo kisha unalikunja? Sharti lao ni cheti hicho tu."

Fabiola alishangaa kwamba mwalimu aliwahi kumwona akilikunja tangazo lile.

Shani, aliyekuwa akisuuza vikombe, alisema bila kuinua kichwa, "Nenda, mama. Mchana nitabaki mimi. Wateja wa mchana nawaweza."

Akaenda. Wiki ya kwanza alikaa kwenye dawati la shule ya msingi lililombana magoti, kati ya dereva wa bajaji na mama mmoja muuza nguo za mitumba. Kiswahili hakikumsumbua. Uraia aliupenda, kwa sababu mengi yake aliyaishi. Baiolojia alisoma na kushangaa kwamba mwili aliokuwa nao miaka yote ulikuwa na majina mengi vile. Lakini Hisabati ilikuwa imemwacha mbali. Alipoona herufi zikichanganywa na namba alihisi kama mtu anayesemeshwa lugha ya kwa wenyewe.

Habari zilifika uwanjani kabla yake. Wasichana walimpokea kwa makofi na vigelegele mpaka akaona haya. Kisha Amira akasogea mbele, safari hii akitabasamu.

"Kocha, na wewe ni mwanafunzi sasa. Sheria ni ya wote, au siyo?"

"Sheria gani?"

"Chini ya thelathini, benchi."

Ikawa kelele. Fabiola alimtazama Mwalimu Venance ili amwokoe, lakini mwalimu alikuwa anacheka mpaka anafuta macho. Walikubaliana kwamba mwisho wa mwezi Fabiola angefanya jaribio lile lile la kidato cha tatu, palepale darasani, dawati la mbele.

Alipata kumi na nne.

Jumamosi iliyofuata shule ilikuwa na mechi, na wageni walikuja na lori zima la washangiliaji. Fabiola alikaa kwenye benchi na mikono ameikunja mapajani. Alikuwa ameruhusiwa kuangalia tu. Hakutakiwa kusema neno wala kuonyesha kwa kidole. Ndani ya uwanja alikuwepo Amira, aliyepata thelathini na nne, akiwapanga wenzake kwa sauti. Robo ya kwanza waliachwa magoli matatu. Fabiola aliona kosa lilipo, mlinzi alikuwa anasimama mbali mno na mtu wake, na maneno yakamjaa kinywani. Akauma upindo wa kanga yake. Mapumzikoni aliona Amira akimshika yule mlinzi bega, akimsogeza hatua moja, kisha nyingine, mpaka pale pale ambapo Fabiola angemweka.

Walishinda kwa magoli mawili.

Wasichana walimkimbilia, wakamwinua kutoka benchi, na yeye akacheka nao. Lakini akitembea kurudi nyumbani, upepo wa Ziwa Babati ukimpiga mgongoni, alikuwa na hisia mbili ambazo hakuweza kuzitenganisha. Kwanza iliuma kidogo kwamba hawakumhitaji. Halafu akaona kwamba miaka yote alikuwa anafundisha ili ifike siku kama ile, ila hakuwahi kukaa kimya kiasi cha kuiona.

Tangu hapo Amira akawa mwalimu wake. Dakika ishirini kabla ya mazoezi walikaa chini pembeni ya uwanja na daftari. Mara ya kwanza Amira alijaribu kumweleza duara kama lilivyokuwa kitabuni, na Fabiola akatikisa kichwa.

"Sioni kitu, mwanangu."

Amira akafikiri. Kisha akanyanyuka, akaenda kusimama kwenye nguzo ya goli. "Mama, unapochora mstari huu wa chokaa, unafanyaje?"

"Nafunga kamba kwenye nguzo. Mita tano kasoro sentimita kumi. Nashika ncha nazunguka nayo, kutoka mstari wa mwisho huku mpaka mstari wa mwisho kule."

"Hiyo kamba yako," alisema Amira, "ndiyo nusu kipenyo."

Fabiola aliutazama mstari mweupe chini. Alikuwa ameuchora mara mia, mvua na jua, na kila mvua ilipoufuta aliuchora tena. "Hii kamba?"

"Hiyo hiyo. Na eneo ambalo mfungaji anaruhusiwa kurushia, ndilo wanalokuuliza kwenye mtihani."

Walikokotoa pamoja, wakipiga magoti kwenye vumbi. Jibu lilipopatikana Fabiola alihesabu hatua kwa miguu yake kuhakikisha kama lilikuwa la kweli, na Amira akamwacha ahesabu. Siku ile mazoezi yalichelewa kuanza kwa nusu saa na hakuna aliyelalamika.

Mwezi wa tatu wa majaribio alipata thelathini na moja. Mwalimu Venance alimwandikia kwa kalamu nyekundu, "Unaruhusiwa kucheza," na Fabiola akaibandika karatasi ile kibandani juu ya birika. Wateja walipouliza, Shani ndiye aliyewaeleza, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

Mtihani wa Maarifa alifaulu. Mwaka uliofuata, Amira akiwa kidato cha nne, walijikuta wanasubiri mtihani mmoja. Septemba kulikuwa na mahafali ya shule. Wahitimu waliimba, wakaonyesha majaribio ya maabara, klabu ya mdahalo ikabishana mbele ya wazazi kama michezo inapunguza ufaulu au inauongeza. Amira alikuwa upande wa kuongeza, na alimtaja kocha wake kwa jina. Mzee Muzamil, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele na kofia yake iliyodariziwa kwa mkono, alimgeukia Fabiola.

"Siku ile ulipomkalisha benchi nilikasirika sana," alisema. "Nilikuwa nije kibandani kwako nikuseme."

"Mbona hukuja, baba?"

"Mama yake alinizuia. Aliniambia, subiri uone alama za mwezi unaofuata."

Novemba walifanya mtihani siku zilezile, saa zilezile, kila mmoja kwenye chumba chake. Asubuhi ya Hisabati Wilbroad hakwenda shamba. Alimpeleka mkewe kwa baiskeli mpaka getini, akampa kalamu mbili na rula, akasimama pale mpaka akaambiwa na mlinzi aondoke.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari, Fabiola akiwa na unga mikononi. Amira alipiga simu akipiga kelele kiasi kwamba Fabiola aliisogeza simu mbali na sikio. Amira alikuwa amepata daraja la pili. Kisha akamsomea ya kwake, polepole, somo kwa somo. Kiswahili C, Uraia C, Baiolojia C. Historia na Jiografia D. Hisabati D. Kiingereza F. Daraja la nne, pointi ishirini na sita.

"Imebaki pointi moja tu uingie la tatu, mama!"

"Cheti nakipata au sipati?"

"Unapata!"

Fabiola alikaa kwenye kigoda. Shani alimnyang'anya mti wa kusukumia chapati akaendelea na kazi, na abiria wawili wa basi la Singida waliokuwa wanasubiri chai walimpongeza bila kujua kwa nini. Alimpigia binti yake Eliakunda, aliyekuwa chuo cha uuguzi, akamsomea alama zote saba, mpaka F ya Kiingereza. Wilbroad aliposikia alienda moja kwa moja kuchinja jogoo, yule mkubwa, bila kuuliza mtu.

Mwezi wa nne Fabiola alihudhuria mafunzo ya ukocha, siku kumi, na kurudi na begi la koni za plastiki na maneno mapya ya kuwatesa nayo wasichana. Shule ikampa barua ya kuwa msaidizi wa michezo, na posho ndogo juu yake.

Wilbroad alidhani yamekwisha. Jumatatu moja akamkuta mkewe mchana anajifunga kanga safi, daftari kwapani.

"Unakwenda wapi tena? Si umemaliza?"

"Kuna Kiingereza," alisema Fabiola. "Silali kwa F ile."

Nje Shani alikuwa anamsubiri, naye na daftari lake jipya, kwa ajili ya kurudia masomo manne. Kibanda walikuwa wamemwachia mpwa wa Fabiola mpaka saa kumi. Wakatembea pamoja kuelekea kituoni, Shani akimuuliza njia nzima kama dawati la mbele lilikuwa na nafasi, na Fabiola akimwambia ipo, ila dawati linabana magoti.