Chupa kumi na moja za damu ya Wamuyu

Siku mambo yalipoharibika si ile siku Wamuyu alipozikwa. Jamleck Wanyoike, mwenye umri wa miaka 58, anaitaja bila kusitasita: Jumanne, Machi 14, 2023, saa nne asubuhi, katika chumba chenye viti vya plastiki mjini Nakuru.

"Hapo ndipo niliweka kidole," anasema, akiinua kidole gumba kilichojaa unga. "Hiki hapa. Ningekikata hiyo asubuhi ingekuwa afadhali."

Leo ni Jumatano, na foleni ya kinu chake cha kusaga mahindi, kando ya soko la Rongai, imefika barabarani. Mota inanguruma. Jamleck anamwaga mahindi ya Rahab, muuza uji wa hapo sokoni. Unga ukishashuka, anaushika mfuko mrefu wa kitambaa uliofungwa mdomoni mwa kinu na kuupiga makofi, matano, sita, saba. Vumbi jeupe linamrukia hadi kwenye nyusi.

"Wee mzee, huo mfuko ulikukosea nini?" Rahab anamtania. "Watu wana haraka!"

"Ni unga wako huo, mathe. Ukibaki humu, ataenda nao huyu wa nyuma yako."

Amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Wenye vinu wengine hawajisumbui. Kiganja cha huyu, kiganja cha yule, ikifika jioni wana gorogoro kadhaa, ile mikebe ya kilo mbilimbili, za kupeleka nyumbani. Jamleck anatoza shilingi kumi kwa gorogoro na hataki hata punje ya mtu.

"Kilichobaki ni cha mwenye mahindi," anasema. "Hata kama amesahau. Hata kama amekufa."

Mkewe, Wamuyu, alianza kuvimba miguu mwaka wa 2022. Ilikuwa figo. Mama yake Wamuyu alikufa kwa ugonjwa uo huo. Hospitalini wakaambiwa kuna utafiti wa dawa mpya, bure kabisa, mradi mgonjwa akubali kutolewa damu kila baada ya wiki mbili. Karatasi ya kukubali ilikuwa na kurasa tisa. Karani akampita Wamuyu na kumkabidhi Jamleck, kwa kuwa ndiye bwana.

Sasa Jamleck aliacha shule darasa la pili. Wamuyu alimaliza la nane, na ndiye aliyesoma kila kitu kwao: barua za ushirika, maandishi ya gunia la mbolea, hata ujumbe wa simu ya mumewe.

"Nikaulizwa, 'Mzee, umeelewa?' Nikasema nimeelewa, nikaweka kidole. Chumba kimejaa watu, wewe ungesema nini?"

Dawa ilifanya kazi. Hilo Jamleck hakatai, na ndilo linalomuuma zaidi. Baada ya miezi mitatu miguu ilikuwa miguu tena. Wamuyu akarudi kupalilia maharagwe, akawa anamcheka mumewe kwamba amenenepa kwa kukosa mtu wa kumtuma.

Mei 2024 wakaambiwa utafiti umekwisha, na dawa imekwisha nao. Hapakuwa na duka la kuinunua kwa sababu ilikuwa haijaanza kuuzwa. Wamuyu akafa Septemba.

"Mtu yuko shimoni, unamtupia kamba. Akipanda nusu, unaikata, unasema ulichotaka kujua umeshajua," Jamleck anasema. "Nani alikata? Daktari anasema ni wakubwa wa Nairobi. Wa Nairobi wanasema ni wa ng'ambo. Mkubwa hakosi mkubwa mwingine wa kumsukumia."

Kumbe yote yalikuwa yameandikwa, ukurasa wa saba: kwamba dawa itakoma utafiti ukikoma, na kwamba damu itakayobaki itahifadhiwa. Jamleck aliyajua hayo Februari 2025, alipotembelewa kinuni na muuguzi wa mradi, Jepleting, aliyebeba karatasi nyingine.

"Mzee Wanyoike, habari ya kazi?"

"Kazi ni vumbi, sista. Leo mmekuja kuchukua nini?"

Jepleting akaeleza polepole. Chupa ndogo kumi na moja za damu ya Wamuyu bado zimo kwenye friji ya mradi. Dawa iliwasaidia wagonjwa wachache tu, naye alikuwa mmoja wao. Watafiti wanataka kujua ni kwa nini. Hiyo ni kazi mpya ambayo karatasi ya kwanza haikuitaja, kwa hivyo wanaomba ruhusa ya familia.

"Ngoja kwanza," Jamleck akasema. "Mimi nilizika bibi yangu. Nilimzika hata na kitana chake. Unaniambia nilizika mtu nusu?"

"Pole, mzee. Haikuwa kwa ubaya."

"Hapa kwangu mtu akisahau unga, hata nusu kilo, mimi hupiga simu."

Sue, binti yao wa miaka 24, aliichukua hiyo karatasi akaisoma yote kwa sauti, amesimama katikati ya magunia. Alipomaliza akamgeukia babake.

"Baba, wacha waipime. Shosho, mamake mami, alikuwa na ugonjwa huu, mami alikuwa nao. Kesho ni mimi."

Mpaka leo Jamleck analipima jambo hilo. "Nikikataa, labda namnyima mtoto wangu. Nikikubali, nimewapa kidole mara ya pili, na hawajaniambia walichofanya na cha kwanza."

Siku hiyo alimwambia Sue aandike swali pale penye mstari wa sahihi: Kwa nini karatasi ya kwanza hamkumpa Wamuyu mwenyewe?

Jepleting alilisoma, akainamisha macho. "Hili nitalipeleka kwa wakubwa," akasema.

Miezi minne imepita. Mwandishi wa makala haya alipopiga simu kwa ofisi ya mradi aliambiwa mhusika yuko mkutanoni. Wiki iliyofuata, bado alikuwa mkutanoni. Friji nayo inaendelea kunguruma, na Sue anaendelea kuangalia vifundo vya miguu yake kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu.

Jamleck ana mpango wake. Kila Jumapili, wakitoka kanisani, Sue humfundisha kuandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma wa kinu. Ameshafika W.

"Siku wakinijibu sitaweka kidole. Nitasoma kurasa zote, wangojee hapo hata kwa muda wa saa sita, halafu niandike jina langu."

Jumapili iliyopita, akiwa ameshika chaki, alimwambia bintiye jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Asubuhi ile ya Machi, Wamuyu alinyoosha mkono akasema, "Baba Sue, leta nisome." Naye akaifunika karatasi kwa kiganja, akamwambia, "Tulia wewe, watu wana haraka."

Jamleck akaanza kuupiga mfuko wa kinu, ingawa mota ilikuwa imezimwa tangu Jumamosi na hapakuwa na unga wa mtu ndani.

"Na wewe, baba," Sue akauliza, "kwa nini hukumpa?"