Mstari Nyuma ya Maman Honorine

Itangazwe kwa wakazi wote wa Rusizi, kuanzia darajani Rusizi ya Pili hadi Bweyeye kule barabara inakokata tamaa: kiwanda cha sabuni cha Papa Balagizi, hapa Kamembe, kimepata demokrasia. Kimeipata ghafla, kama mtu anavyopata mafua.

Ilianza kwa simu. Rafiki yake Balagizi alimnong'oneza kwamba mwaka huu mkaguzi wa kazi hatafuti kwanza vyoo wala makaratasi. Anatafuta mjumbe wa wafanyakazi, aliyechaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Na keshafika sokoni! Balagizi alikuwa na mjumbe, ndiyo: shemeji yake Ntabaza, aliyemchagua mwenyewe huku akitafuna brosheti ya nyama ya mbuzi.

"Bantu bote inje! Tunafanya élections!" Balagizi akapaza sauti uani.

Honorine aliacha pipa alilokuwa akikoroga, akatoka akipuliza vidole. Soda ya sabuni ilikuwa imembabua ngozi. Kila alipoomba gants za kuvaa mikononi, Balagizi alimjibu kwamba gants ni za madaktari.

"Kila muntu asimame nyuma ya ule anamutaka, kama tunachaguaka viongozi kwa mudugudu," Balagizi aliamuru. "Ntabaza, simama hapa." Kisha akakumbuka kuwa uchaguzi wa mgombea mmoja unanuka hata kwa pua ya serikali. Jicho lake likamwangukia Honorine, mwanamke wa maneno machache. "Maman Honorine, nawe simama pale. Ya kupamba tu."

Honorine akasimama. Angekuwa mjumbe kweli, Balagizi angelazimika kumsikiliza, na gants zingepatikana. Lakini nani angethubutu kusimama nyuma yake?

Pikipiki ikaingia langoni, ikamshusha mkaguzi Twagirayezu.

"Muende!" Balagizi akapiga makofi.

Mzee Nzabonimpa, mkata miche ya sabuni, akavuka ua moja kwa moja mpaka nyuma ya Honorine.

"Mzee, umekosea mustari!" Balagizi alimzomea chinichini.

"Hapana, Patron. Macho yangu ingali muzima."

Basi wakamiminika! Wakakimbia, wakacheka, wakakanyagana. Mstari ukazunguka ghala ukatokeza upande wa pili, vigelegele juu. Honorine aligeuka kuwatazama. Ntabaza naye akageuka, akakuta ukuta. Akautazama ukuta, akamtazama bosi, kisha akatimua mbio kwenda mkiani mwa mstari.

"Ntabaza!"

"Shemeji, nibaki pale na nani?"

Mkaguzi alivua kofia, macho yakimng'aa. "Patron, nazunguka viwanda vyote, sijaona uchaguzi huru namna hii! Hongera!" Balagizi akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Mheshimiwa mjumbe," Twagirayezu akamgeukia Honorine, "leo ni siku kubwa. Umwambie mwajiri neno lako la kwanza."

Ua mzima ukasogea karibu kusikia hotuba.

"Gants," Honorine akasema. "Leo. Na mutuache turudi, sabuni inaganda."