Moshi Humfuata Mrembo

Ukiambiwa familia fulani inapendana, uliza kwanza walionekana wakiwa wamekaa wapi. Familia ya Arlys ilipendeza sana kanisani. Mezani pia ilipendeza, chakula kikiwa cha moto. Lakini familia yenyewe, ile ya kweli, ilikuwa uani Jumamosi jioni kwenye duara la moto, na huko Arlys alikuwa hajakaa tangu mapafu yake yaanze kumgomea.

Majani yakianza kuanguka, jimbo zima la Wisconsin, kule Marekani, huota moto. Kila ua una moto wake, viti vya kukunja, bia, na soseji kwenye vijiti. Wa kwao Arlys uliwaka ndani ya mawe aliyoyapanga mumewe, Duane, mwaka waliooana, na mawe yale Duane aliyaheshimu kuliko alivyowahi kumheshimu mama mkwe. Moto wa mawe hauna adabu, moshi wake huenda unakotaka. Ukimwandama mtu, wenzake humwambia, "Moshi humfuata mrembo," naye hutakiwa kujibu, "Nawachukia sungura weupe," ili umwache. Kila mtoto wa huko anayajua maneno hayo, na hakuna anayejua sungura waliwakosea nini.

Arlys hata angewachukia sungura wa dunia nzima asingepona. Funda moja la moshi lilimtosha kukohoa mpaka macho yamtoke. Basi akawa anabaki jikoni, anaosha vyombo visivyo na uchafu, anawatazama dirishani. Dirisha lilifungwa kwa ajili ya moshi, kwa hiyo aliona wakicheka asisikie wanachokicheka. Hilo lilimuuma kuliko kifua. Daktari alishamwambia wazi kwamba mapafu yale hayana miaka mingi, naye alichotaka kabla hajaondoka ni kukaa kwenye kile kicheko.

Ndipo akasikia habari za majiko ya chuma ya kuotea moto yasiyotoa moshi. Mwanawe Craig akampeleka dukani, uso umekunjamana.

"Chukua hili dogo, Mama, twende zetu," Craig alisema. "Kwani utakaa na nani?"

"Na nyinyi."

Muuzaji akawasha moja nyuma ya duka. Akamweleza kwamba lina kuta mbili, hewa inaingia chini, inapanda katikati ikipata joto, inatokea kwenye matundu ya juu na kuuchoma moshi kabla haujatoka. "Ila kuni kavu tu, mama yangu," akasema. "Na zisipite matundu ya juu. Ukiliwekea kuni mbichi, linafuka kama jiko lingine lolote."

Arlys akasogea karibu, akavuta pumzi, akakisubiri kikohozi. Hakikuja. Akalia palepale, mbele ya majembe na mipira ya maji.

"Mama, watu wanatuangalia," Craig akasema.

Duane hakufurahi mawe yake yalipong'olewa. "Moto bila moshi ni bia bila kilevi," alisema.

"Utazoea, mume wangu."

"Mimi nimeoa. Nimezoea mengi."

Majira yote ya joto Arlys alikausha kuni. Alizipanga kwenye banda la gari, gari la Duane likalala nje linanyewa na ndege. Kila gogo aliligonga na mwenzake asikilize mlio, na lililotoa mlio mzito alilirudisha juani. Mtu mwenye afya angechoka. Yeye alipumzika kila baada ya kipande, akaendelea.

Jumamosi ya kwanza alitoka na blanketi lake akakaa. Moto ulipanda safi, wa manjano, na juu yake hewa tupu. Alikula soseji ya kwanza ya uani baada ya muda mrefu. Ila mazungumzo hayakushika. Craig alitazama simu. Duane alitazama bia. Jodi, binti yake, aliona mambo yamepoa, akamgeukia baba yake.

"Baba, si utufanyie ile..."

"Ile nini?" Arlys akauliza, tabasamu tayari usoni.

"Si kitu, Mama. Mambo ya zamani."

Watoto waliondoka mapema. Arlys alidhani wamechoka, akalala na furaha yake yote.

Jumamosi iliyofuata, kabla hajakaa vizuri, moshi mweupe mzito ukafuka kutoka kwenye lile jiko la chuma ukamvamia. Akahamisha kiti. Ukamfuata.

"Moshi humfuata mrembo," Craig akasema, na wote wakacheka.

"Nawachukia sungura weupe," Arlys akajibu, akicheka nao, kisha kikohozi kikamshika. Katikati ya kukohoa aliinama akachungulia ndani. Lilikuwamo gogo lenye gamba bichi, linatoa maji ncha zote mbili, la ule mti ulioangushwa na upepo nyuma ya nyumba juzijuzi. Kwenye banda lake hapakuwa na gogo kama hilo, na kila mtu pale alijua.

"Nani kaweka hili?"

"Limejichanganya tu," Duane akasema. "Ingia ndani, mke wangu, usije ukatufia hapa. Si utatuona dirishani?"

"Jodi?"

Jodi alikuwa anaangalia viatu vyake. "Nenda, Mama. Nitakuletea soseji."

Akaenda, huku akishika migongo ya viti ili asianguke. Jikoni alivuta dawa yake, akaegemea sinki mpaka pumzi ilipomrudia, kisha akatazama nje. Craig alikuwa ameshika koleo. Alilichomoa lile gogo bichi akalitupa majanini, na Duane akaleta vipande viwili kutoka kwenye banda la Arlys. Moshi ukakata mara moja. Moto ukapanda safi kama wa dukani.

Kisha Duane akasimama. Akakunja mgongo, akaweka mkono kifuani, akaachama, akatumbua macho, akaanza kuyumba kuelekea nyumbani huku akishika migongo ya viti, kimoja baada ya kingine. Ndiyo ile aliyoitaja Jodi. Waliizoea kwa miaka yote Arlys alipokuwa dirishani, akitazama bila kujua kwamba anayeigwa ni yeye, na akiwapo pale uani haikuwezekana kuifanya. Craig alicheka mpaka kiti kikampindukia. Jodi naye alicheka, anafuta machozi, na moshi haukuwapo wa kusingizia.

Jodi alipoinua uso akamwona mama yake dirishani. Kicheko kikamkwama. Halafu, kwa kukosa la kufanya, akampungia mkono.

Arlys naye akampungia, kama alivyozoea kila Jumamosi. Soseji haikuletwa.