Wietske na Usukani wa Karavani

Dada yangu Wietske ameendesha lori la maziwa miaka ishirini na nane. Tani arobaini, barafu barabarani, alfajiri bado giza, kila mfugaji wa kwetu Groningen, Uholanzi, anaujua muungurumo wake. Hajawahi kukwaruza hata geti la mtu. Mumewe Harm aliuza mapazia dukani. Sasa niambie, una watu hao wawili, una karavani, nyumba ya magurudumu ya mita saba, ya kuvuta kwa gari kupitia milima ya Alpi mpaka ziwani Italia. Usukani unampa nani?

Miaka kumi na tisa alishika muuza mapazia.

Ndivyo tulivyo sisi kambini, pale ziwani tunapoegesha karavani zetu kila kiangazi. Mwanamume anaendesha, mwanamke anashuka, anasimama nyuma na kupunga mikono kama anafukuza kuku, ili mume arudi rivasi. Waliotangulia kufika wanageuza viti, wanamimina kahawa, wanatazama. Hiyo ndiyo sinema yetu. Ukikosea, utasemwa mpaka Septemba. Harm alikuwa radhi afe kuliko kuonekana kakaa upande wa abiria.

Mwaka huu Wietske kastaafu. Tukiwa bado nyumbani tunapakia viazi, maana Harm haviamini viazi vya Waitalia, dada akasema, "Harm, safari hii naendesha mimi."

"Wewe pumzika, mke wangu. Umeendesha vya kutosha."

Hilo neno pumzika nililiona likimwingia kama mwiba. Halafu akasema, "Basi angalau hayo magunia usiyaweke mkiani mwa karavani. Yaweke juu ya magurudumu, la sivyo itayumba."

"Najua kupakia," Harm akasema, akayarundika mkiani yote matatu.

Mimi nilikaa kiti cha nyuma. Leseni sina, waliniangusha mara nne kwa wivu tu, lakini kwa jicho la udereva kijijini kwetu hakuna wa kunifikia. Kwa hiyo nilipoona tumevuka kilele cha Alpi na Harm anashuka mlima kwa gia ya nne, mguu umelala kwenye breki, nilijua leo tunalo.

"Weka gia ya pili," Wietske akasema.

"Najua."

"Hujui. Umekanyaga breki tangu juu."

Karavani ikaanza kutikisa mkia. Mara kushoto, mara kulia, na gari nalo likafuata. Ikaja harufu.

"Shemeji," nikasema, "hiyo ni breki au umevua viatu?"

Harm hakucheka. Alikanyaga, na mguu ukazama mpaka chini kama kakanyaga uji. Hapo Wietske akatoa sauti ya kwenye lori. "Gia ya tatu. Sasa ya pili. Usiguse kitu kingine." Harm akatii kama mtoto. Tukaingia kwenye uwanja wa kuegesha, moshi unatoka kwenye magurudumu.

Harm akashuka, akakaa juu ya jiwe, uso mweupe kama maziwa yenyewe. Akasema, na nimesikia kwa masikio yangu haya mawili, "Wietske, wewe unajua kuendesha kuliko mimi. Shika."

Breki zilipokuwa zinapoa, dada alihamisha magunia yale, moja moja, hakutaka msaada. Halafu akakagua breki, akashika usukani, akashuka mlima mzima kwa gia. Mimi nililala usingizi. Harm alikula mkate wake wa jibini mpaka makombo.

Zikabaki kilomita mbili tufike. "Simama hapo kidogo," Harm akasema.

"Kuna nini?"

"Nipe niingie nalo mimi. Watu wakituona hivi watasemaje?"

"Watasema nini, Harm?"

"Si unawajua. Usinidhalilishe, Wiets."

Dada akaegesha. Akachomoa ufunguo, akauweka kiganjani mwa mumewe taratibu, kama anamrudishia mtu uchafu wake. Masikio ya dada yalikuwa mekundu. Mimi nilitamani nimpige shemeji kwa gunia zima.

Nafasi yetu ni namba thelathini na moja, katikati ya mizeituni miwili, karibu na maji. Viti vilikuwa vimeshageuzwa. Wietske akashuka. Harm akatazama kwenye kioo, anasubiri mikono ya mkewe. Mikono haikuja. Dada alipita moja kwa moja mpaka kwa jirani yetu Jantje, akavuta kiti, akaomba kahawa.

"Humwelekezi mumeo?" Jantje akauliza.

"Nimeambiwa nipumzike."

Mara ya kwanza karavani ilielekea kwenye bomba la maji. Mara ya tatu ilijikunja kama kiwiko kilichovunjika. Mzee Bouke, jirani mwingine wa kambini, akapaza sauti kutoka kitini, "Harm, hiyo nyumba unaiegesha au unaifundisha kucheza?" Nami nikasaidia nilivyoweza: "Shemeji, leta viazi tuanze kumenya, maana naona ni mpaka Jumanne."

Mara ya sita akazima injini. Akashuka, shati limelowa, akaja na ufunguo.

"Wietske."

"Naam."

"Chukua."

"Rudia ulichosema mlimani."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Hata vijiko vilitulia. Harm akakisema, akiviangalia viatu vyake.

"Mzee Bouke hasikii vizuri," dada akasema. "Ongeza sauti."

Akaongeza. Kambi nzima ilisikia.

Wietske alirudi rivasi mara moja tu, akaiingiza karavani katikati ya mizeituni, hakuangusha hata jani. Watu walipiga makofi. Hakuwatazama, wala hakutabasamu. Alimwambia Harm, "Miaka kumi na tisa nimekupungia mikono," akautia ufunguo mfukoni.

Tulikaa wiki tatu, na ufunguo ulikaa mfukoni wiki zote tatu. Harm akitaka mkate, alikwenda kijijini kwa miguu. Na viazi alimenya mwenyewe, magunia yote matatu.