Simu ya Thelathini na Moja

Miaka ya sabini nilikuwa opareta wa simu Mbeya, na kwa mdomo sikuwa na mpinzani. Siku moja mhandisi alitaka kujua njia mpya ya redio ya kwenda Iringa itahimili simu ngapi, kabla wananchi hawajaanza kuitumia. Basi tukaigiza. Opareta wa Iringa akapewa vikaratasi thelathini vya simu za uongo: mnunuzi wa mahindi, daktari, mgonjwa, msiba. Yeye anapiga, mimi napokea, naandika saa, nakata. Upesi upesi!

Huyo wa Iringa alikuwa Mngoni, mimi Mhehe, watani wa jadi. Lo, alinikomoa! Kila kikaratasi alikitia ndugu zangu. Mara mume wangu kaoa, mara mimi mwenyewe nimekufa na yeye anangoja pilau. Nami nikawa namrudishia, "Shika adabu, mtumwa wangu wewe!" Mhandisi anatazama saa yake tu.

Katikati ya hayo akasema, "Dada, kaka yako yuko hapa kaunta. Mama yenu kazidiwa, anakuita. Panda basi la saa sita."

"Mwambie afe kesho, leo nina kazi!" Nikacheka, nikaandika saa, nikakata.

Saa nane mhandisi akahesabu. Iringa wamepiga thelathini, mimi nimepokea thelathini na moja. "Hii moja imetoka wapi?"

Jamani! Nikapiga Iringa papo hapo.

"Ile ya kaka yako haikuwa na kikaratasi," akasema. "Si nilikuambia yuko kaunta? Nikajua unajikaza kwa utani, kama tufanyavyo msibani. Nikamwambia umesikia, unakuja."

Maneno yale nimeyatamka mimi, kwa mdomo wangu, juu ya mama yangu mzazi! Basi lilikwisha ondoka. Mhandisi akafunga daftari lake, akasema njia ni nzuri, hakuna simu hata moja iliyopotea. Nilitamani kumzaba kofi.

Kesho yake nilifika nyumbani kwetu Kihesa, pale Iringa, nikakuta wanawake wameketi mikekani. Kaka hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Alikungoja," akasema. "Nilimwambia umo ndani ya basi. Kila gari likinguruma barabarani, alikuwa ananiambia nimkalishe, usije ukamkuta amelala."